Asilimia ya Nani? Rangi na Asili za Wenye Haki ya Kupiga Kura katika Jimbo la Texas

Mwaka 2003 Bunge la Jimbo la Texas, nchini Marekani, lilichora upya mipaka ya wilaya za uchaguzi zinazopeleka wajumbe katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Wilaya ya uchaguzi huko ni kile ambacho Watanzania hukiita jimbo la uchaguzi, na Wakenya eneo bunge. Mojawapo ya wilaya hizo, iliyopewa namba 23, ilienea kusini-magharibi mwa Texas kandokando ya mto Rio Grande, ambao ndio mpaka baina ya Marekani na Meksiko. Mipaka mipya iliupasua mji wa Laredo, ambao wakazi wake karibu wote ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika zilizotawaliwa na Hispania. Watu wapatao laki moja wakajikuta wamehamishiwa wilaya ya jirani pasipo kuzihama nyumba zao.

Shauri lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na huko mabishano yakaangukia katika namba mbili. Ya kwanza ni 50.9: hiyo ndiyo iliyokuwa asilimia ya Walatino miongoni mwa watu wazima wote wa Wilaya ya 23 baada ya mabadiliko. Ya pili ni 46: hiyo ndiyo iliyokuwa asilimia ya Walatino miongoni mwa watu wazima walio raia. Kabla ya mabadiliko asilimia hiyo ya pili ilikuwa 57.5.

Namba zote mbili zilikuwa sahihi. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Hata hivyo, kwa namba ya kwanza Walatino walikuwa wengi katika wilaya yao, na kwa namba ya pili walikuwa wachache. Mwezi Juni 2006 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba namba ya kufuatwa ni ya pili, kwa kuwa asiye raia hapigi kura; na kwamba wilaya hiyo imechorwa kinyume cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Mipaka ikabadilishwa tena, na uchaguzi ukafanywa juu ya mipaka hiyo mwaka huohuo.

Kisa hiki chafaa kuwa mlango wa kuingilia katika suala ambalo wataalamu wa elimu ya idadi ya watu, iitwayo demografia, hukutana nalo kila siku. Asilimia ni sehemu, na kila sehemu ina namba ya juu na namba ya chini. Macho ya watu wengi huikimbilia ile ya juu. Aghalabu siri ya hesabu imo katika ile ya chini.

Rangi na asili huulizwaje

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kushangaa kwamba serikali humwuliza mwananchi rangi yake. Tanzania iliuliza kabila katika sensa ya 1967, na sensa zilizofuata hazikuliuliza tena. Kenya imeendelea kuuliza, hata katika sensa ya 2019. Marekani imeuliza rangi tangu sensa yake ya kwanza ya mwaka 1790, ambapo watu huru waliandikwa mbali na watumwa. Kwa hesabu ya uwakilishi, watumwa watano walihesabiwa kuwa sawa na watu watatu. Kanuni hiyo ilikoma kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868, yaliyoamuru kwamba uwakilishi wa majimbo ugawanywe kwa kufuata idadi kamili ya watu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba makundi hayo hayakuteremshwa na maumbile. Yamekuwa yakibadilishwa kwa kalamu. Katika sensa ya 1930 makarani waliagizwa kumwandika mtu wa asili ya Meksiko kuwa ni wa "rangi" ya Kimeksiko. Serikali ya Meksiko na Wamarekani wenye asili hiyo wakalalamika, na kufikia sensa ya 1940 kundi hilo lilikuwa limefutwa. Watu walewale wakaandikwa Wazungu. Mwaka 1970 baadhi ya kaya ziliulizwa kama zina asili ya Kihispania, na tangu 1980 swali hilo huulizwa kila kaya. Tangu mwaka 2000 mtu ana ruhusa ya kujiandika katika rangi zaidi ya moja.

Kwa utaratibu uliotumika katika sensa ya 2020, rangi lilikuwa swali moja na asili ya Kilatino swali jingine. Mlatino aliweza kuwa Mzungu, Mweusi, Mwenyeji wa asili wa Amerika, au mchanganyiko wao. Ndiyo maana katika takwimu za Marekani neno "Wazungu" hufuatana mara nyingi na maneno "wasio Walatino", ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Makala haya yanatumia neno Wazungu kwa maana hiyo. Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba maswali hayo mawili yataunganishwa kuwa moja, na kwamba kundi jipya la watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini litaongezwa. Kwa hiyo mtu akilinganisha asilimia za miaka mbalimbali hana budi kuuliza kwanza kama swali lenyewe lilibaki lilelile.

Kutoka mkazi hadi mpiga kura

Sensa ya 2020 ilihesabu katika Texas watu 29,145,505. Kati yao Wazungu walikuwa asilimia 39.7 na Walatino asilimia 39.3. Weusi walikuwa takriban asilimia 12, na watu wenye asili ya Asia zaidi kidogo ya asilimia 5. Makundi mawili makubwa yalikuwa yamelingana kama mizigo miwili ya mpagazi. Miaka miwili baadaye, kwa makadirio ya 2022, Walatino waliwapita Wazungu na kuwa kundi kubwa kuliko yote katika jimbo hilo.

Sasa mtu aulize: je, miongoni mwa wenye haki ya kupiga kura, makundi haya mawili yanalingana pia? La. Wakati wa uchaguzi wa 2020 Walatino wa Texas wenye haki hiyo walikuwa wapatao milioni 5.6, nao walikuwa kama asilimia 30 ya wenye haki wote. Wazungu walikuwa karibu nusu. Katika kila Wazungu kumi wa Texas, karibu wanane walikuwa na haki ya kupiga kura. Katika kila Walatino kumi, ni kama watano tu.

Tofauti hii yatokana na machujio mawili. La kwanza ni umri. Mpiga kura Marekani sharti awe ametimiza miaka 18, na Walatino wa Texas ni kundi la vijana: karibu nusu ya watoto wote wa jimbo hilo ni Walatino, ilhali Wazungu ni chini ya theluthi moja ya watoto hao. La pili ni uraia. Wapo Walatino wengi watu wazima waliozaliwa nje ya Marekani na ambao hawajapewa uraia; baadhi yao wanaishi huko kwa kibali cha kudumu, na wengine hawana kibali. Chujio hili la pili huwagusa sana pia watu wenye asili ya Asia. Weusi wa Texas, ambao wengi mno ni wazawa wa vizazi vingi, huguswa kidogo tu, hivyo sehemu yao miongoni mwa wenye haki ya kupiga kura ni kubwa kidogo kuliko sehemu yao miongoni mwa wakazi.

Lipo pia chujio dogo la tatu. Sheria ya Texas humzuia kupiga kura mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa mpaka amalize adhabu yake yote, pamoja na kipindi cha uangalizi nje ya gereza. Takwimu za kawaida za raia watu wazima haziwaondoi watu hawa, na kwa sababu hiyo huzidi kidogo idadi halisi ya wenye haki.

Mfano wa hesabu

Ili nguvu ya machujio hayo ionekane wazi, na tuchukue mji wa kubuni wenye watu 1,000. Nusu yao, yaani 500, ni wa kundi A, na nusu ni wa kundi B. Katika kundi A watoto walio chini ya miaka 18 ni asilimia 20. Katika kundi B ni asilimia 30. Miongoni mwa watu wazima wa kundi A wasio raia ni asilimia 2. Wa kundi B ni asilimia 26.

Kundi A: watu 500, toa watoto 100, hubaki watu wazima 400, toa wasio raia 8, hubaki 392.

Kundi B: watu 500, toa watoto 150, hubaki watu wazima 350, toa wasio raia 91, hubaki 259.

Jumla ya wenye haki ya kupiga kura ni 651. Kundi A ni 392 kati ya 651, yaani asilimia 60.2, kundi B ni asilimia 39.8. Mji uliokuwa wa nusu kwa nusu umekuwa mji wa sita kwa nne, na hakuna mtu hata mmoja aliyehama. Mwanafunzi akitaka kujua ni chujio lipi lenye nguvu zaidi, na alitumie la umri peke yake kwanza. Atapata 400 kati ya 750, yaani asilimia 53.3 kwa kundi A. Basi umri umesogeza mizani kwa pointi 3.3, na uraia ukaisogeza kwa pointi nyingine 6.9.

Mstari uliochorwa na sheria

Mtu aweza kudhani kwamba machujio ya umri na uraia yamekuwapo siku zote, na kwamba hayana uhusiano wowote na rangi. Historia ya Texas yasema vingine.

Umri wa miaka 18 ulianza kutumika nchini kote mwaka 1971 tu, kwa Marekebisho ya 26; hapo awali katika Texas, kama katika majimbo mengi, ilikuwa miaka 21. Ama uraia, mpaka mwaka 1921 mgeni aliyetangaza rasmi nia yake ya kuwa raia aliruhusiwa kupiga kura katika Texas hata kabla ya kuupata uraia wenyewe. Na uraia huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1790 iliwaruhusu kuomba uraia "watu weupe walio huru" peke yao. Mwaka 1870 watu wa asili ya Afrika waliongezwa. Vizuizi dhidi ya Waasia viliondolewa kidogo kidogo kati ya 1943 na 1952. Mwaka 1897, katika mji wa San Antonio, mfanyakazi mmoja mzaliwa wa Meksiko, Ricardo Rodriguez, aliomba uraia. Mawakili waliompinga walidai kwamba yeye si mweupe wala si Mwafrika, hivyo hastahili. Jaji Thomas Maxey aliamua kwamba anastahili, kwa kuwa mikataba baina ya Marekani na Meksiko iliwatambua watu wa asili yake kuwa raia. Ombi la mtu mmoja lilikuwa limebeba haki ya kura ya maelfu.

Kwa Weusi mambo yalikuwa mazito zaidi. Marekebisho ya 15 ya mwaka 1870 yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, lakini njia za kuzunguka zilipatikana. Mwaka 1902 Texas iliidhinisha kodi ya kichwa kuwa sharti la kupiga kura. Jina hilo Waafrika wa Mashariki wanalifahamu kwa uchungu wao wenyewe. Huko Texas kodi ilikuwa dola 1.50, na kaunti iliweza kuongeza senti 25. Si fedha nyingi kwa tajiri, bali ni mzigo kwa kibarua wa mashamba ya pamba, awe Mweusi, Mlatino au Mzungu maskini. Kodi hiyo ilikatazwa katika chaguzi za kitaifa mwaka 1964, na katika chaguzi nyingine zote mwaka 1966.

Mwaka 1923 sheria ya Texas iliwakataza Weusi kushiriki kura za maoni za Chama cha Demokrasia. Kwa kuwa wakati huo aliyeshinda kura za maoni za chama hicho alikuwa na hakika ya kushinda uchaguzi, aliyefungiwa mlango huo alikuwa amefungiwa nyumba nzima. Daktari Lawrence Nixon wa mji wa El Paso alishtaki na akashinda mwaka 1927. Jimbo likabuni njia nyingine. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ililifunga jambo hilo kwa kesi ya Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston. Miongoni mwa mawakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House na kuandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi hiyo.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilipopanuliwa mwaka 1975 ili iwalinde pia wasemao lugha nyingine, Texas iliingizwa chini ya usimamizi wake, na mmoja wa waliopigania hatua hiyo alikuwa Barbara Jordan, mjumbe Mweusi kutoka Houston. Tangu hapo kila badiliko la taratibu za uchaguzi lilihitaji kibali cha serikali kuu kwanza. Sharti hilo lilidumu hadi mwaka 2013, ambapo Mahakama ya Juu ilibatilisha kanuni iliyotumika kuchagua majimbo ya kusimamiwa.

Kwa hiyo ile namba ya chini ya sehemu, yaani idadi ya wenye haki, ni zao la sheria kama lilivyo zao la vizazi na vifo. Mtakwimu huihesabu, hakuiumba.

Namba zenyewe hupatikanaje

Sensa ya 2020 haikuuliza uraia. Serikali ya wakati huo ilikusudia kuuliza, lakini mwezi Juni 2019 Mahakama ya Juu iliikatalia sababu iliyotolewa, na swali likaachwa. Idadi ya raia watu wazima kwa rangi na asili hutoka katika uchunguzi mwingine, unaofanywa kila mwaka kwa sampuli ya anwani zipatazo milioni 3.5 katika nchi nzima. Kwa maeneo madogo, majibu ya miaka mitano huunganishwa ili sampuli iwe kubwa ya kutosha.

Sampuli ina gharama yake, nayo ni shaka. Tuseme watu 400 wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na asilimia 30 kati yao ni wa kundi fulani. Kosa la kawaida hupatikana kwa kuzidisha 0.30 kwa 0.70, kugawanya kwa 400, na kutafuta kipeo cha pili cha jibu: 0.023. Idara ya Sensa ya Marekani huzidisha kosa hilo kwa 1.645 ili kupata mipaka yenye uhakika wa asilimia 90. Hapa tutapata pointi 3.8 kila upande, yaani ukweli waweza kuwa popote kati ya 26.2 na 33.8. Watu wakiwa 10,000, mipaka hiyo hupungua hadi pointi 0.75. Namba ya jimbo zima yaaminika sana. Namba ya mtaa mmoja yataka tahadhari. Na kwa vile mipaka ya wilaya hujengwa kwa mitaa, tahadhari hiyo si ya darasani tu.

Kuna pia kosa ambalo sampuli kubwa haliliponyi, nalo ni la kuwakosa watu. Baada ya sensa ya 2020 Idara ya Sensa ilifanya uchunguzi wa kujikagua. Ilionekana kwamba katika nchi nzima Walatino walihesabiwa pungufu kwa asilimia 4.99 na Weusi kwa asilimia 3.30, ilhali Wazungu walihesabiwa kupita kiasi kwa asilimia 1.64. Texas kwa ujumla ilipungukiwa kwa asilimia 1.92, yaani zaidi ya watu laki tano. Karani aliyeshindwa kuipata nyumba ya nyuma ya uchochoro ameibadilisha asilimia kabla mtakwimu hajaigusa.

Nani ahesabiwe

Ukubwa wa suala hili ulionekana katika kesi nyingine ya Texas, iliyoamuliwa tarehe 4 Aprili 2016 na kujulikana kwa jina la Evenwel dhidi ya Abbott. Baraza la Seneti la jimbo hilo lina wilaya 31. Kwa sensa ya 2010, iliyohesabu watu 25,145,561, kila wilaya ilipaswa kuwa na watu wapatao 811,000. Ramani iliyochorwa ilikuwa na tofauti isiyozidi asilimia 8.04 baina ya wilaya kubwa na ndogo. Lakini wapiga kura wawili walilalamika kwamba hesabu ikifanywa kwa wenye haki ya kupiga kura, tofauti hiyo inapita asilimia 40. Katika wilaya yenye watoto na wageni wengi kura chache zatosha kumchagua seneta. Katika wilaya yao zahitajika nyingi. Wakadai kwamba kura yao imepunguzwa uzito.

Hoja yao haikuwa ya upuuzi, na kila upande ulikuwa na usawa wake wa kuutetea. Wakihesabiwa wenye haki ya kupiga kura peke yao, kila kura hupata uzito sawa. Wakihesabiwa watu wote, kila mtu hupata sehemu sawa ya mwakilishi. Mtoto hapigi kura, lakini anahitaji shule. Mgeni hapigi kura, lakini hulipa kodi na hunywa maji ya bomba lilelile. Majaji wote wanane waliamua kwamba Texas ilikuwa na haki ya kuhesabu watu wote. Hawakuamua kama jimbo linaweza, likitaka, kuhesabu wenye haki ya kura peke yao. Swali hilo waliliacha wazi. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, ililijibu kwa maandishi: ukubwa wa eneo bunge hupimwa kwa idadi ya wakazi.

Uzito wa jibu hilo kwa Texas ni rahisi kuukadiria. Kati ya 2010 na 2020 jimbo liliongezeka watu karibu milioni nne, na karibu nusu ya ongezeko hilo walikuwa Walatino. Ongezeko hilo ndilo lililolipatia jimbo viti viwili zaidi katika Baraza la Wawakilishi, kutoka 36 hadi 38. Ramani ilipochorwa mwaka 2021, wilaya mbili mpya ziliwekwa mahali ambapo Wazungu walikuwa wengi miongoni mwa wenye haki ya kura. Kesi zikafunguliwa, na kwa mara nyingine mawakili wakasimama mbele ya majaji wakiwa na asilimia mikononi.

Matumizi mengine ya namba hizi hayana kelele kiasi hicho. Sheria ya 1975, pamoja na marekebisho yake, yaamuru kwamba kundi la lugha likifikisha raia watu wazima zaidi ya 10,000 wasiokijua Kiingereza vizuri, au zaidi ya asilimia 5 ya raia watu wazima wa eneo, na kiwango chao cha kutojua kusoma kikizidi cha taifa, karatasi za kura zitolewe katika lugha yao. Ndiyo sababu katika kaunti ya Harris, ulimo mji wa Houston, mpiga kura aliweza kusoma karatasi yake kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu au Kichina.

Kesho ya namba hizi

Turudi katika mji wetu wa kubuni, na tuseme kwamba miaka kumi imepita pasipo mtu kuingia wala kutoka, na kwamba watoto wake wote ni raia. Kama watoto wametawanyika sawasawa katika miaka 18 ya utoto, kumi katika kila kumi na wanane watakuwa wamefikia umri wa kura: 56 wa kundi A na 83 wa kundi B. Tuseme pia kwamba vifo miongoni mwa wapiga kura ni 40 katika kundi A, ambalo lina wazee wengi, na 15 katika kundi B. Kundi A litakuwa na 408, kundi B 327. Asilimia ya kundi B imepanda kutoka 39.8 hadi 44.5 kwa kupita kwa wakati tu.

Hivyo ndivyo inavyokwenda Texas, ambako zaidi ya watoto tisa wa Kilatino katika kila kumi wamezaliwa Marekani. Njia nyingine ya kuongezeka ni uraia wa kuomba. Miongoni mwa waliopitia njia hiyo wamo wakimbizi waliotoka mashariki mwa Kongo na Burundi na kupewa makazi katika miji kama Houston. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu mtu kama huyo aliruhusiwa kuomba uraia. Akiupata, katika takwimu ataingia chini ya neno "Weusi", pamoja na wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, ingawa lugha, historia na huenda fikra zake za siasa ni tofauti kabisa.

Hapo pana onyo la mwisho. Asilimia ya kundi haitabiri kura ya mtu. Kaunti ya Starr, kwenye mpaka wa Meksiko, ina Walatino zaidi ya asilimia 95. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilimpigia mgombea urais wa Chama cha Demokrasia. Mwaka 2024 ilimpa ushindi mgombea wa Chama cha Republican. Kuchukua sifa ya kundi na kumvisha mtu mmoja mmoja ni kosa ambalo walimu wa takwimu hulikemea siku zote. Na kuwa na haki ya kupiga kura si kupiga kura: katika Texas mtu sharti awe amejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi, na wengi wenye haki huwa hawafiki kituoni.

Mwalimu wa hisabati au wa uraia aweza kulifanya somo hili liwe hai kwa zoezi dogo. Wanafunzi wahesabu watu wa kaya zao kwa umri, wakusanye hesabu za darasa zima, kisha watafute sehemu ya wanawake, au ya wazaliwa wa mkoa wao, mara mbili: kwanza katika watu wote, halafu katika waliotimiza miaka 18. Namba hizo mbili mara chache zitalingana. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini, na ambaye tangu siku hiyo hatakubali kusikia asilimia pasipo kuuliza ni asilimia ya nani, atakuwa amejifunza kile ambacho majaji wa Mahakama ya Juu walibishania juu ya Wilaya ya 23, na walikipata kwa tofauti ya kura moja.